Fundi amebadilisha diski, au majina ya diski?

SWALI: Naishi Nyegezi, Mwanza. Kompyuta yetu ya nyumbani ina diski mbili: moja ya mfumo, nyingine ya picha za familia na hesabu za biashara yetu ya dagaa pale Mwaloni. Fundi alikuja kuisafisha, akaniachia ujumbe: "Nimebadilisha diski zako." Moyo ulinilipuka, nikajua picha zimekwenda. Kumbe ile iliyokuwa D sasa ni E, na imeandikwa DATA badala ya HESABU. Je, hakutakiwa kusema "nimebadili"?

JIBU: Hata angesema "nimebadili diski zako", ungeshtuka vilevile.

Wapo wanaofundisha kwamba kubadili ni kukigeuza kitu hali yake, na kubadilisha ni kutoa hiki ukapata kile, kama tunavyobadilisha pesa. Tofauti hiyo ina mizizi, lakini katika mazungumzo ya kila siku imelegea siku nyingi: tunabadili nguo bila kuzishona upya, na tunabadilisha mawazo bila kupeana na mtu. Mimi siitegemei.

Fundi wako aliruka nomino. Katika kazi yake anaweza kubadilisha diski yenyewe, yaani kufungua kasha, kutoa hiyo na kufunga nyingine. Anaweza kubadili herufi yake, ile D au E ambayo kompyuta huitambulia diski. Anaweza pia kubadili jina lake, ile lebo inayosomeka ukifungua kompyuta. Jina ni kwa macho ya mtu tu. Iandikwe HESABU au DATA, mafaili yanabaki yalipo. Herufi ni anwani. Programu iliyozoea kufuata faili lake D itarudi mikono mitupu, kwa sababu hakuna aliyeiambia habari za E. Kwa hiyo kama una la kumlaumu, mlaumu kwa herufi kuliko kwa jina. (Na ukijiuliza kwa nini diski kuu huanzia C: A na B ziliachiwa flopi, zile diski za zamani za kuchomeka na kuchomoa, na zimebaki zao hata kwenye kompyuta ambazo hazijawahi kuiona flopi.)

Angeandikaje basi? "Nimebadili majina ya diski zako" haina kasoro. Ila Kiswahili kina muundo mtamu zaidi: "Nimezibadili diski zako majina." Mwenye jina anashikwa na kitenzi, jina linafuata nyuma, kama abiria anavyolalamika kwenye daladala, "Umenikanyaga mguu!" Hasemi "umekanyaga mguu wangu", labda awe ameuacha kwenye kiti. Kwa kauli ya kutendwa: "Diski zimebadilishwa majina." Mwanza mna mfano bandarini: MV Victoria ilibadilishwa jina baada ya ukarabati mkubwa uliokamilika 2020, ikawa New Victoria Hapa Kazi Tu. Ondoa "jina" kwenye sentensi hiyo, na msikilizaji atadhani meli ya zamani imeuzwa chuma chakavu.

Kwa herufi, aseme: "Diski ya hesabu ilikuwa D, nimeipa herufi E." Asiseme "nimeihamishia E", maana ukisikia kuhamisha utadhani mafaili ndiyo yaliyohama.

Jambo la pembeni, kwa kuwa mtazipa majina na flashi zenu: flashi yenye mfumo wa FAT32 (namna mojawapo ya kupanga mafaili) hupokea jina lisilozidi herufi 11, nafasi zikiwemo. PICHA ZA HARUSI haiingii. Ukiondoa ZA, bado zinabaki 12, ndiyo maana tunakuta PICHAHARUSI imebanana kama ilivyo. Wakereketwa wa sarufi huchukia. Mimi kwenye lebo nasamehe. Diski yako ya ndani, kama ni ya NTFS, mfumo mwingine wa kupanga mafaili, inaruhusu 32, kwa hiyo huko hakuna kisingizio cha kuiacha ikiitwa DATA. Bofya ikoni yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kubadili jina, andika HESABU NA PICHA, maliza. Herufi mwachie fundi airudishe D, na airudishe kabla hujafungua hesabu za wiki hii.