Yakhe, usiwashe DHCP ya pili, yaani mgawaji wa anwani za netiwaki, kwenye hiyo seva!

Simama hapo hapo. Umesema una mashine 12 hazina hata disiki kwenye saiba yako huko Malindi, unataka zote zibuti kutoka seva moja, unauliza RAM ngapi na kama Windows itakubali, halafu mwishoni unatupia eti fundi kakwambia "washa DHCP kwenye seva, rauta iache ilivyo". Hapo ndo nimeacha chai yangu ikapoa.

Mimi niko Lamu, Langoni. Mashine zangu nane zilivushwa kwa boti kutoka Mokowe zikapandishwa na punda hadi dukani. Fundi aliniambia maneno hayo hayo, pengine ni huyo huyo. Siku ya kwanza zikawaka zote, nikamlipa na biriani juu. Sasa tarehe 29 Juni, watu wamejaa hadi barazani wanataka kufaili ritani za KRA maana mwisho ni tarehe 30, stima ikapotea, kurudi mashine tatu zinawaka na tano zinaandika PXE-E53, kosa la kubuti kwa netiwaki. Nazima nawasha, iliyokuwa nzima inakufa, mbovu inafufuka. Wallahi nilidhani ni majini. Nikabadilisha waya, nikanunua swichi mpya, nikaagiza kadi nne za netiwaki Mombasa, hela ya kodi ya duka hiyo. Watu wa wifi nao wameshika netiwaki lakini intaneti hakuna, na mwenye gesti ya juu tunayegawana laini akashuka na kikoi chake anafoka, wageni wake wote wamekatika.

Kumbe ni hivi. Mashine isiyo na disiki ikiwaka, kadi yake ya netiwaki inapiga kelele waya mzima, nani atanipa anwani? Anayejibu atoe anwani NA aseme seva iko wapi na faili la kubutia linaitwaje, mashine ikalichukue kwa TFTP, njia nyepesi ya kuvuta mafaili, ndo ije kerneli, yaani kiini cha mfumo, ndo uje mfumo wenyewe. Mimi nilikuwa na wawili wanaojibu. Rauta haijui habari za faili, inatoa anwani tu, mashine ikishika hiyo inakwambia E53, yaani jina la faili sijapewa. Seva nayo inazipa simu za watu anwani na kuziambia njia ya intaneti ni mimi, na njia yenyewe haina! Juu ya hapo zote mbili zinagawa kuanzia 192.168.1.100, basi unakuta mashine mbili anwani moja. Siku ya kwanza seva ilikuwa inawahi kujibu, ndo siri yote. Stima iliporudi rauta ikaamka mapema, seva bado inajikokota.

Waya mmoja DHCP MOJA. Ama uzime ya rauta seva ifanye yote, ama uache ya rauta uweke kwenye seva programu ya dnsmasq kwa mtindo wa proksi, ule mstari wa dhcp-range unaishia na neno proxy, hapo haigawi anwani, inaongezea tu habari za faili. Mimi natumia proksi kwa sababu rauta ni ya yule jamaa wa gesti na hataki hata niiangalie.

Fundi akija kesho muulize kwanza nani atagawa anwani. Akianza kucheka-cheka mpe soda aende zake. Halafu tupia hapa picha ya ukurasa wa DHCP wa rauta yako nikuoneshe pa kuzima. Na kama kuna mtu anataka kadi nne za netiwaki, ziko kwenye boksi bado, bei tutaongea.