Una bendi Dodoma? Filamu yenu ianzie mazoezini

Kama una bendi hapa Dodoma na mnatamani kutengeneza filamu, acheni kwanza habari za kamera. Kamera itapatikana. Hakosekani mtu mwenye binamu anayepiga picha za harusi, na simu nyingi za siku hizi zinatosha kabisa. Kinachomaliza pesa ni siku ya kushuti: chakula cha watu wote, bodaboda za kwenda na kurudi, mafuta ya jenereta, pamoja na subira ya mwenye nyumba. Jioni ya mazoezi inataka maji ya kunywa na mahali pa kukaa. Wanamuziki tunalijua hilo bila kufundishwa, maana hakuna bendi inayopanda jukwaani ndipo ianze kutafuta korasi. Ajabu ni kwamba watu hao hao wakipewa skripti wanafika lokesheni na karatasi mkononi, wanauliza, "Mimi naingilia wapi?"

Kwa hiyo fanyeni mazoezi ya filamu jinsi mnavyofanya ya muziki, chumba kile kile na saa zile zile. Pigeni sini (tukio moja la filamu) nzima toka mwanzo hadi mwisho bila kamera, mpaka mpiga besi aache kukariri na aanze kumjibu mwenzake. Rekodini sauti tu kwa simu, kisha msikilize bila kuangaliana. Mstari ukisikika wa uongo sikioni, hakuna picha nzuri itakayouficha. Mshikaji akikwama kwenye maneno uliyoyaandika, mwambie aseme anavyosema yeye. Akiyatoa kwa Kigogo au Kirangi, andika hivyo hivyo, tafsiri ya Kiswahili mtaiweka chini ya picha. Mimi napenda zaidi sini za namna hiyo kuliko zile za watu wa mjini kufokeana sebuleni, ambazo tumezijaza tayari.

Usiogope kwamba marafiki zako si waigizaji. John Carney wa Ireland, ambaye zamani alipiga besi kwenye bendi ya The Frames, alipotengeneza filamu ya Once iliyotoka 2007 alimpa nafasi kuu Glen Hansard, mwimbaji wa bendi ile ile. Wimbo mmoja wa filamu hiyo ukachukua Oscar mwaka 2008. Mtu anayepiga gitaa kweli anashika gitaa kweli, na kamera inaona. Sharti ni moja: mpe rafiki yako mhusika anayefanana naye. Mpiga ngoma mpole usimgeuze jambazi.

Hadithi nayo itokane na vilivyopo. Kabla ya kuandika neno, ulizaneni nani ana nini. Shangazi mwenye mgahawa Majengo, rafiki mwenye bajaji, shamba la zabibu la familia kule Hombolo, kanisa lenye kinanda. Andika kwa hivyo. Ukiandika sini ya hospitali na hakuna anayefanya kazi hospitali, umejitafutia barua na foleni za bure.

Ratiba ni somo lenyewe. Ijumaa na Jumamosi usiku wanamuziki wako hotelini na baa wanatafuta riziki, na Jumapili nusu yao wako kwaya. Sisi tunashuti Jumatatu na Jumanne, siku ambazo hata nyumba za watu ziko wazi kwa sababu wenyewe wako kazini. Halafu kuna Bunge. Kikao cha bajeti huanza Aprili na kwenda hadi mwisho wa Juni: mji unajaa, vyumba vya wageni vinapanda bei na kila mpiga kinanda ana mwaliko. Msipange kitu kikubwa miezi hiyo. Pia msigawe hadithi ya wiki moja kati ya misimu miwili. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na mbuyu uliokuwa na majani Machi utakuwa mtupu Agosti. Mtazamaji wa Dar huenda asigundue. Wa Dodoma atacheka kwa sauti.

Sasa sauti, na hapa ndipo wanamuziki mnapowashinda wenye kamera za bei mbaya, kwa sababu maiki mnazo, saundi kadi mnayo, masikio mnayo. Mtazamaji anavumilia picha yenye giza kidogo, lakini mazungumzo yasiyosikika hayavumilii. Jueni kelele za mji kwa saa zake. Uwanja wa ndege uko katikati ya mji, reli inapita mjini, kuna adhana mara tano kwa siku na mazoezi ya kwaya jioni. Nendeni lokesheni siku ile ile ya wiki na saa ile ile mtakayoshuti, mkae kimya na kusikiliza tu.

Adui mkubwa ni upepo, hasa miezi ya kiangazi. Sponji ya maiki pekee haifui dafu nje. Tafuteni kitambaa chenye manyoya marefu, fundi cherehani awashonee kifuniko. Maiki ndogo ya kifuani ibandikwe ndani ya nguo kwa plasta ili isisugue. Kwenye kinasa sauti kateni besi chini ya 80 Hz. Na tumieni mawe: Dodoma imejaa miamba mikubwa kama nyumba, na upande wake uliokingwa ni studio isiyolipiwa. Alfajiri upepo huwa mdogo, na ndio wakati wenye mwanga mzuri pia. Jua la saa sita huku liko utosini, linawatia watu vivuli vyeusi machoni. Shutini toka saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu, pumzikeni, mrudi saa kumi. Jioni msizembee, giza la kwetu linaingia haraka. Kabla ya kuhama mahali popote, wote wanyamaze dakika moja mrekodi ukimya wa hapo. Mtakapokuwa mnahariri mtauhitaji kuziba mapengo.

Mambo mawili ya kiufundi, kisha tusonge. Simu nyingi hubadilisha kasi ya picha zenyewe mwanga ukibadilika, na kwenye teki ndefu midomo inaachana na sauti. Programu ya bure ya Blackmagic Camera, kama simu yako inaikubali, inakuwezesha kufunga kasi kwenye picha 25 kwa sekunde na shata, yaani muda kila picha inapopokea mwanga, kwenye 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo shata hiyo inazuia taa kumetameta. Pili, kinasa sauti kiwe 48 kHz, siyo 44.1 mliyoizoea kwenye nyimbo, na mtu apige makofi mara moja mbele ya kamera mwanzo wa kila teki, mpate pa kuoanisha picha na sauti. Kuhariri, DaVinci Resolve ya bure inatosha.

Muziki ndani ya filamu unaleta ubishi kila mara. Msimamo wangu: bendi yenye dramu irekodiwe kwanza, kisha siku ya kushuti wimbo upigwe kwenye spika na watu waufuate. Zeze na marimba za Kigogo zirekodiwe hapo hapo, laivu. Mpiga zeze hapigi mara mbili sawasawa, na ukimlazimisha afuate rekodi yake mwenyewe utaona mtu amekakamaa. Marimba yetu ina mvumo fulani wa kuwasha unaotokana na utando wa buibui uliofunika tundu kwenye sanduku lake. Ukiipitisha kwenye programu ya kuondoa kelele, umeiua. Wazee wa Chamwino wanaojua ala hizi wapo. Nendeni kwao kwa heshima, na muwalipe kama mnavyomlipa mpiga kinanda wa mjini. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alizunguka dunia na ala hizi hizi. Si mapambo ya kuweka nyuma ya mazungumzo.

Na biti za kupakua mtandaoni sahauni. Mna bendi! Tungeni.

Karatasi ni sehemu isiyonogesha, ila ifanyeni mapema. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka kibali cha Bodi ya Filamu kabla ya kushuti, na filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani. Droni ina kibali chake. Mtaani anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa, aliyesikia habari zenu mapema hatashtuka akiona watu na vyuma. Hapa ni makao makuu, ofisi za serikali ziko nyingi, kwa hiyo angalieni kamera inaelekea wapi.

Kati yenu wenyewe, andikaneni pia. Nani ametunga wimbo, nani anamiliki filamu, pesa zikija zinagawanywaje, na zisipokuja nani anadai nini. Ukurasa mmoja, kila mtu asaini siku ya mazoezi, wakati bado mnacheka. Urafiki wa bendi nyingi umevunjwa na pesa ndogo kuliko nauli ya Kondoa. Kama hamuwezi kulipana, basi chakula kiwe cha maana. Ugali, nyama na mlenda, na kiive kwa wakati. Mimi natenga karibu nusu ya bajeti kwa chakula na usafiri na sijawahi kujuta.

Kuonyesha, msisubiri matamasha. Tumeni kwenye tamasha la filamu la ZIFF kule Zanzibar, sawa, lakini huku kodini projekta na ukumbi wa kawaida, mlete spika zenu za bendi, mtoze kiingilio kimoja kwa filamu na muziki. Pimeni sauti mapema, halafu mmoja wenu akae katikati ya watu filamu inapoanza, kwa sababu ukumbi mtupu unarudisha mwangwi na uliojaa unameza maneno. Huyo ndiye ampigie ishara mtu wa mikisa: mazungumzo juu, besi chini.