Maswali ya Wasomaji: Je, Niihamishie Mimea Yangu Chini ya Taa Wakati wa Masika?

SWALI: Ndugu mshauri, nina vyungu 12 vya echeveria, ile mimea yenye majani manene yaliyojipanga kama waridi. Masika yaliyopita mimea mitano ilioza mashina. Dada yangu anayeishi Uingereza huiingiza yake ndani kila Oktoba, akaiwashia taa hadi Mei, naye amenihimiza nifanye vivyo hivyo mvua zikianza. Je, nimfuate?
Msomaji, Nyegezi, Mwanza

JIBU: Pole sana kwa mimea uliyoipoteza. Dada yako anafanya jambo sahihi huko aliko, lakini kinachomtisha yeye sicho kinachokusumbua wewe. Baridi ya kule ikishuka chini ya nyuzi sifuri, maji yaliyojaa ndani ya majani hayo huganda, yakatanuka na kupasua seli, na barafu ikiyeyuka jani hubaki teketeke. Tena mchana wa London katikati ya Desemba hautimizi hata muda wa saa 8, ndiyo maana mimea iliyoingizwa ndani huhitaji taa. Mwanza mchana hukaribia saa 12 mwaka mzima, na usiku wetu wa baridi kabisa uko mbali na kugandisha maji. Mimea yako iliuawa na maji yaliyotuama kwenye mizizi ikakosa hewa.

Kwa hiyo ningeanza na paa kabla ya taa. Viweke vyungu barazani, mahali panapopata jua la asubuhi lakini hapafikiwi na mvua, hata ile inayosukumwa na upepo wa ziwani. Udongo nao ubadilishe: changanya sehemu moja ya udongo wenye mboji, sehemu moja ya mchanga wa chengachenga na sehemu moja ya kokoto ndogo zilizochekechwa vumbi, ambazo katika mji wa mawe kama wetu hazina shida kupatikana. Chungu kiwe na tundu chini, na usimwagilie mpaka kijiti ulichochomeka hadi chini kitoke kikavu.

Kama huna baraza, na najua wapangaji wengi hawana, hapo taa ina kazi ya kweli. Chumba chenye dirisha dogo, wavu wa mbu na pazia hakitoshi: shina litarefuka likiutafuta mwanga, majani yataachana na rangi itapauka, na shina lililorefuka hivyo halirudi kuwa fupi. Tyubu nyeupe ya LED inafaa, ikining'inizwa sentimita 20 hadi 30 juu ya mimea na kuwashwa saa 12 hadi 14 kwa siku. Usiku izime, kwa sababu mimea ya jamii hii hufungua vitundu vya majani yake gizani ili kuvuta hewa ya kaboni. Tyubu ya wati 18 ikiwaka saa 12 kila siku hula takriban uniti 6.5 za LUKU kwa mwezi. Ila mwanga wa taa ni hafifu kuliko jua, hivyo mmea hunywa kidogo, na nimeona mingi ikioza chini ya taa nzuri kwa sababu mwenyewe aliendelea kumwagilia kama ilipokuwa nje.

Mvua zikikatika, usiitoe moja kwa moja kwenye jua la mchana. Ipe jua la asubuhi kwa muda wa saa moja tu kwanza, kisha uongeze kidogo kidogo kwa wiki mbili, kwa maana jani likishaungua, doa lake halifutiki.