Fyuzi ikikatika inasema: kwenu mnaoanza kazi ya magari ya kulala

Jumanne niliingia gereji nikamkuta mmoja wenu amechukua karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, ameizungushia fyuzi iliyoungua, na yuko tayari kuirudisha kwenye kisanduku ili taa za kempa ya mgeni, gari lake la kulala, ziwake. Nilimshika mkono. Kisha nikawafokea wote, hata aliyekuwa nje anaosha spea, na najua wengine mlidhani ni njaa. Haikuwa njaa. Nawapenda, kila mmoja wenu, na ndiyo maana naandika haya usiku badala ya kulala.

1. Pima kifaa kikiwa kinafanya kazi. Volti 12.6 kwenye mita hazikuambii lolote ikiwa hakuna kilichowashwa. Waya uliobakiza unyuzi mmoja mzima utakuonyesha volti zote mpaka uupe mzigo. Washa pampu, washa friji, kisha pima pale pale kwenye kifaa. Ukisoma 12.5 betrini na 10.9 kwenye friji, volti zimepotelea njiani, na mara nyingi zimepotelea kwenye athi, njia ya umeme kurudi betrini kupitia bodi ya gari: boliti iliyoshika kutu chini ya sakafu, au iliyofungwa juu ya rangi na hakuna aliyekwangua. Nimeshuhudia betri tatu nzima zikibadilishwa moja baada ya nyingine kwa sababu ya boliti moja. Betri ya asidi iliyopumzika saa chache ikisoma 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12 ichaji leo, siyo kesho. Ya lithiamu msiisome hivyo, kwa sababu hukaa karibu na 13.2 kuanzia inapokaribia kujaa hadi inapokaribia kuisha.

2. Friji ya gesi lazima isimame sawa. Ndani yake hakuna pampu, amonia na maji huzunguka kwa kuteremka vyenyewe, na gari likiinama mzunguko unakwama. Mnajua uwanja wetu unavyoteremka kuelekea mtaroni. Kuna mwanagenzi aliyewatangulia, kijana mzuri, sasa ana gereji yake, alishinda siku nzima akifungua friji moja: akasafisha kichomeo, akapuliza jeti, kile kitundu cha kutolea gesi, akakwangua masizi kwenye bomba la moshi. Jioni nikaweka pimamaji sakafuni. Tukalisukuma gari mita nne hadi pale penye saruji. Asubuhi kulikuwa na barafu.

Na msisahau mwinuko. Hapa Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Timboroa ni zaidi ya 2,700. Huko hewa ni nyepesi, moto wa gesi hugeuka njano, hutoa masizi, mwishowe huzimika. Mteja akipiga simu kutoka Timboroa kwamba friji imekufa, mwambie aiweke kwenye umeme wa gari akiwa anaendesha, asubiri ateremke. Akifika Kisumu, mita 1,130 hivi, itawaka kwa gesi bila fundi kuigusa. Tafadhali, msimuuzie kichomeo kipya mtu ambaye kosa lake ni kupanda mlima.

3. Fyuzi. Hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa na miaka minne katika kazi, na nilijiona nimeiva. Ijumaa moja, saa kumi alasiri, mwalimu mstaafu aliniletea Hiace aliyoigeuza kuwa kempa kwa pesa za kiinua mgongo: kitanda nyuma, jiko, sinki, pampu ya maji, betri ya nyumba, ile ya taa na pampu, chini ya kitanda. Yeye na mkewe walikuwa wanaenda Dunga, Kisumu, kulala kando ya ziwa, kisha Kakamega kwa wajukuu. Pampu imegoma. Nikafungua kisanduku, fyuzi nyekundu ya ampea 10 imekatika. Nikaweka nyingine, pampu ikaimba. Nikamwambia tulizungushe gari mtaani tuhakikishe. Kwenye matuta ya pili, ikakatika tena.

Mwalimu akatazama saa. Alitaka kupita Kericho kabla ya giza. Nami, badala ya kumwambia ukweli kwamba sijui, nikamwambia pampu imezeeka, inakula moto mwingi, inahitaji fyuzi kubwa. Nikaweka ya kijani. Ampea 30. Nikapiga matuta yale yale, haikukatika. Alinilipa, na mkewe, Mama, akanipa njugu zilizofungwa kwenye gazeti, nile njiani nikienda nyumbani. Nilizila zote.

Sikujua, kwa sababu sikutafuta, kwamba waya wa pampu ulipita nyuma ya kabati la jiko kupitia tundu la bati lisilo na mpira. Kila shimo la barabarani lilikuwa linausugua kwenye ukingo ule. Plastiki ilikwisha kuliwa, na shaba ilikuwa inagusa bodi, inaachia, inagusa. Fyuzi nyekundu iliniambia hivyo mara mbili. Fyuzi hailindi pampu, vijana wangu. Inalinda waya. Waya ule ulikuwa wa milimita za mraba 1.5, na nyuzi zake chache zikishika bodi nusunusu, ampea 25 zinaweza kupita kwa muda mrefu bila fyuzi ya 30 kushtuka. Waya unageuka koili ya jiko, ndani ya kabati la mbao, nyuma ya pazia.

Walipita Kericho salama. Wakaanza kuteremka kuelekea Awasi, na Mama akasikia harufu. Akadhani ni moshi wa viwanda vya chai. Kisha akadhani ni breki. Alipogeuka, pazia lilikuwa linawaka. Mwalimu akasimamisha gari, akatafuta pa kuzimia betri, hakuna. Swichi kuu haikuwepo, na mimi niliyefungua kisanduku kile saa chache kabla sikuuliza iko wapi. Mama alirudi ndani kuchukua mkoba wa dawa zake za presha. Dereva wa lori aliyekuwa nyuma yao ndiye aliyekuja na kizimamoto, akavuta mtungi wa gesi nje kwa mikono yake. Simjui mtu yule mpaka leo, na namwombea kila ninapopita njia ile.

Wiki mbili baadaye Mwalimu alikuja kwa matatu. Akatoa kipande cha waya kilichoungua kwenye mfuko wa koti, akakiweka juu ya meza yangu. Hakupaza sauti. Akaniuliza, kama anavyouliza mwanafunzi mbele ya ubao, "Mwanangu, fyuzi ya kwanza ilikwambia nini?"

Sikuwa na jibu wala pesa. Nilijenga upya kabati na waya zote za gari lile kwa Jumapili zangu za miezi minane, na hakunidai hata senti. Lakini Mama, vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji vizuri. Nikienda kuwasalimu hunimiminia chai kwa mkono wa kushoto. Yeye hasemi kitu. Mimi hutazama chupa ya chai.

Sasa kazi yenyewe, ambayo ni fupi. Fyuzi ikikatika mara ya pili, chomoa kifaa, kisha unganisha balbu ya wati 21 mahali pa fyuzi. Ikiwaka sana, waya unagusa bodi mahali fulani. Tembea na waya, ukiutikisa kipande kwa kipande, na pale balbu inapozima ndipo penye jeraha. Balbu haiwezi kupitisha moto wa kuunguza waya, kwa hiyo una muda wa kutafuta bila woga. Baada ya hapo rudisha fyuzi ya ukubwa ule ule, na tundu livishwe mpira.

4. Gesi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka sakafuni, ndiyo maana kuna matundu chini ya kabati la mtungi. Wateja wanaotoka Baringo huyaziba kwa matambara kwa sababu ya vumbi, na nimewaona nyinyi mkiyarudisha matambara hayo vizuri kabisa baada ya kazi, mkidhani mnamfanyia mtu hisani. Yatupeni, na mumweleze kwa nini. Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni. Atakayewasha kiberiti karibu na mtungi katika gereji hii ataenda nyumbani siku hiyo hiyo.

5. Paa likivuja, msipake silikoni juu ya silikoni. Kwangueni mpaka kwenye bati, safisheni kwa spiriti, ndipo mpake silanti (gundi ya kuziba) ya polyurethane. Na maji yakionekana juu ya kitanda haimaanishi yameingilia hapo; huko Kericho mvua hainyeshi kwa kubahatisha, na maji husafiri ndani ya dari hadi yapate upenyo.

6. Matairi ya magari haya huzeeka kabla hayajaisha, kwa kuwa husimama juani miezi mingi. Msitazame meno tu, someni tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni: 2318 ni kwamba lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili, kwa sababu hunyonya unyevu, na yakipata joto maji yale huchemka na kanyagio hushuka mpaka chini. Tangi la maji la lita 100 likijaa ni kilo 100, bado hujaweka mtungi, vyombo na watoto. Mwambieni kila anayeteremka kutoka Mau Summit kuja Salgaa ashuke kwa gia ndogo, breki aguse na kuachia. Mwambieni hata akisema anajua. Hasa akisema anajua.

Gari la mgeni wa Jumanne bado liko uani na fyuzi zake nimezifungia mezani kwangu. Kesho saa mbili, kabla ya chai, tutavua kabati la kushoto sote pamoja. Aliyekunja karatasi ya sigara ndiye atakayeshika balbu.