Breka inaruka nikianza kurenda: pawa saplai kubwa na umeme wa nyumba ya kupanga

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nipo Tanga mjini, Chumbageni, naediti video za harusi nyumbani. Nimejengesha kompyuta mpya ina kadi ya picha ya RTX 4090 na prosesa ya Core i9-13900K, muuzaji akaniwekea pawa saplai (kile kiboksi kinacholisha kompyuta umeme) ya wati 1600 akasema hiyo haitonisumbua. Sasa tunakaa wapangaji wanne LUKU moja, jioni nikianza kurenda, yaani kompyuta kuitoa video ya mwisho, baada ya muda breka inaruka, soketi za nyumba nzima zinakufa. Mama mwenye nyumba anasema ni hiyo kompyuta yangu ya wati 1600, na mimi nimesoma Wamarekani wanalalamika soketi zao haziziwezi pawa saplai za hivyo. Fundi wa mtaani kaja kaona breka imeandikwa C16, yaani ya ampea 16, anasema atoe aweke ya 32 iishe. Nimruhusu? (Msomaji, Chumbageni)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usimruhusu. Naanza na hilo kabla ya mengine yote manake ndo linalochoma nyumba za watu.

Breka haipo pale kulinda kompyuta yako, ipo kulinda waya uliozikwa ukutani. Nyumba nyingi za zamani za kupangisha waya wa soketi ni wa 1.5 (unene wake kwa milimita za mraba), huo ukiupitisha ampea 15 mpaka 17 hivi ndani ya paipu ndo mwisho wake wa usalama. Ukiweka breka ya 32 juu ya waya huo, unaweza kuvuta ampea 28 usiku kucha na breka imetulia tuli haina habari, huku plastiki ya waya inalainika ndani ya ukuta mahali ambapo hamna anayeona wala kunusa. Kwa hiyo breka inayoruka inafanya kazi yake, mwambie fundi kama anataka kuweka kubwa aanze kwanza kuvuta waya mpya wa 2.5, na hata hapo kwa laini moja ya kawaida aishie 20.

Sasa tuje kwenye hizo wati 1600, hapa mama mwenye nyumba anakuonea ingawa simlaumu, namba ile imeandikwa kubwa inatisha. Ile ni uwezo wa mwisho wa pawa saplai, sio inachovuta. Inavuta kile kompyuta inachotaka. Kadi yako ikikaza sana ni wati 450, prosesa 253, weka 100 za feni, diski na vingine, unafika 800. Pawa saplai yenyewe inapoteza kidogo kama joto, ikiwa ni ya 80 Plus Gold, yaani daraja la zisizopoteza umeme mwingi, piga ukutani wati 890 hivi. Gawa kwa volti 230 zetu, hazifiki ampea 4. Jagi la umeme la kuchemshia maji la wati 2000 peke yake linakula karibu 9!

Wamarekani wao wana haki ya kulalamika. Umeme wao wa soketi ni volti 120, breka ya kawaida ampea 15, na kwa mzigo wa kuwaka masaa mengi wanatakiwa wasizidi asilimia 80, yaani wati 1440 basi. Pawa saplai ya 1600 ikifanya kazi kwa nguvu zote kule inamaliza laini nzima. Huku kwetu plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya 13 inabeba karibu wati 3000, kwa hiyo hayo mambo yao yaache hukohuko. (Kwa kadi yako hata wati 1000 ilitosha, ila ushanunua, ikae tu, haina madhara.)

Mkosaji basi nani? Hesabu ya jioni. Jagi la mpangaji mmoja ampea 9, pasi ya mwingine 5, raisi kuka 3, wewe 4, hiyo ni 21 kwenye breka ya 16. Haikati papo hapo, inapata moto taratibu ndo inakata, ndo maana unaona inaruka baada ya muda na wewe ndo unayesingiziwa manake kompyuta ndo ngeni. Alafu jioni umeme ukishuka mpaka volti 180, pawa saplai za kisasa zinavuta ampea zaidi ili wati zibaki zilezile, jambo ambalo wengi hawalijui.

Kaeni kikao, renda usiku watu wamelala, au mwombe mama akuruhusu uvute laini yako ya 2.5 kutoka kwenye DB (boksi la breka) na breka yake, kwa fundi mwenye leseni ya EWURA. Na sabumita, mita ndogo ya kupima umeme wako peke yako, ufunge, nakusihi. Wati 600 kwa wastani, masaa 6 kwa siku, mwezi ni yuniti 108, wakati elfu kumi ya matumizi ya kawaida inatoa kama 28. Hiyo ni elfu thelathini na nane na ushee ya kwako peke yako, lipa yako upendwe.

Usiku wa leo fanya hivi: renda nusu saa, zima, chomoa plagi ushike pini. Uvuguvugu sawa. Ikiwa ya moto, au tundu la soketi limepiga rangi ya kahawia pembeni, soketi imelegea, ibadilishwe. Fungua na plagi uangalie fyuzi, nimekuta humo watu wamefunga karatasi ya sigara ya kung'aa. Ekstensheni nyembamba za kukunja usitumie kabisa.

SWALI: Fundi habari, nipo Bagamoyo, kasha la kompyuta yangu la chuma nikiligusa miguu peku linanitekenya kama shoti. Pawa saplai imekufa? (Msomaji, Bagamoyo)

JIBU: Haijafa, huna ethi, ule waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita za kuchuja umeme ambazo zinapeleka mkondo mdogo kwenye waya wa ethi, na ethi isipokuwepo unabaki kwenye kasha unasubiri mguu wako. Mkondo wenyewe ni mdogo, lakini siku kitu kikiharibika ndani kasha lote litakuwa na 230, kwa hiyo usiizoee. Kwanza angalia kama ekstensheni au adapta yako ni ya pini mbili, tupa. Kama siyo, nenda nje kwenye rodi ya ethi, pwani hapo chumvi inakula klampu mpaka waya unaning'inia, na mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri, mara nyingi inabidi rodi ishuke chini zaidi au iongezwe ya pili. Fundi aipime kwa kifaa cha kupimia ethi, asikubali kwa kuona waya wa kijani tu, na mpaka apime vaa ndala ukikaa kwenye kompyuta.