Ukitaka kujifunza kuhakiki magemu, fuatilia Dragon Quest XI ilivyopokewa

Sentensi ninayoikata mara nyingi zaidi katika rasimu za wahakiki wapya ni hii: "Gemu ni zuri, ila lina mambo ya kizamani." Naikata kwa sababu msomaji hapati kitu. Mambo yapi hayo? Yanamfanyia nini mtu aliyeshika kidhibiti? Na je, watengenezaji waliyaacha kwa uzembe au waliyatunza kwa kusudi? Ukishindwa kujibu hayo, umetaja umri wa gemu tu, na umri wa gemu kila mtu anaujua.

Kwa anayeanza, gemu ninalolipendekeza kulifuatilia toka lilipozinduliwa mpaka toleo lake la mwisho ni Dragon Quest XI, gemu la Kijapani la kuigiza wahusika (JRPG). Halifichi asili yake hata kidogo. Yuji Horii, mbunifu wa mfululizo huu, alitoa Dragon Quest ya kwanza mwezi Mei 1986 kwenye Famicom ya Nintendo, wahusika wakiwa wamechorwa na Akira Toriyama na muziki ukiwa wa Koichi Sugiyama. Gemu la kumi na moja lilipotoka Japani tarehe 29 Julai 2017, watatu hao walikuwa bado kazini pamoja. Shujaa asiyesema neno yumo. Kijiji cha utotoni kinachopatwa na balaa kimo. Mapigano ni ya zamu kwa zamu, safari unaihifadhi kanisani, na Slime, yule adui mdogo wa buluu, anakusubiri nje ya kijiji na tabasamu lake lilelile.

Jarida la Famitsu la Japani lilikuwa na desturi ya kuwapa gemu wahakiki wanne, kila mmoja akitoa alama hadi 10. Dragon Quest XI lilipata 40 kati ya 40. Katika siku mbili za kwanza nakala zaidi ya milioni 2 zilinunuliwa nchini humo, ukijumlisha matoleo ya PlayStation 4 na Nintendo 3DS. Lilipotoka duniani kote tarehe 4 Septemba 2018, wastani wake kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, ulikuwa 86 kati ya 100 kwa PlayStation 4. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Septemba 2019, likaja toleo la Nintendo Switch lenye herufi S mwishoni mwa jina, nalo likapata 91.

Hapa ndipo nataka ukae. Hadithi ni ileile, mapigano ni yaleyale, miji ni ileile, na grafiki za Switch zilikuwa hafifu kuliko za PlayStation 4. Kwa nini basi wastani ulipanda?

Sehemu kubwa ya jibu ni muziki. Toleo la 2017 na 2018 lilipigwa kwa sauti za kompyuta, zile zinazoiga tarumbeta na fidla bila pumzi ya mpigaji. Wahakiki wengi nje ya Japani walilalamika, na walikuwa na haki. Wimbo wa kutembea uwandani unarudi tena na tena kwa saa nyingi mno, na sauti kavu ikirudiwa hivyo inachosha masikio. Wachezaji wa kompyuta hawakungoja. Walijitengenezea marekebisho yao wenyewe na kuingiza rekodi za okestra. Toleo la S likaja na nyimbo zilezile zikiwa zimepigwa na Tokyo Metropolitan Symphony Orchestra, na mchezaji akapewa uhuru wa kuchagua sauti anayoitaka. Zikaongezwa pia sauti za waigizaji wa Kijapani, hadithi fupi za wenzake shujaa, uwezo wa kuharakisha mapigano, na hali ya picha bapa (2D) inayokuruhusu kulicheza gemu zima kwa sura ya miaka ya tisini.

Ona basi tofauti ya walioandika vizuri na walioandika vibaya. Mwenye kuandika "muziki ni wa kizamani" alikosea, maana utunzi wa Sugiyama haukuguswa kati ya 2018 na 2019. Kilichobadilika ni upigaji. Aliyeandika kwamba tungo ni nzuri lakini sauti zake hazina uhai alikuwa amesikia sawasawa, na tahakiki yake ilibaki kuwa kweli hata baada ya toleo jipya kutoka. Ukiweza kutenganisha tungo na upigaji wake, au kanuni ya pigano na kasi ya pigano, kazi yako itadumu kuliko alama yoyote utakayoiweka chini ya makala.

Na kuhusu alama: wastani wa Metacritic mwaka 2018 na ule wa 2019 haukutoka kwa kundi moja la watu. Walioandika kuhusu toleo la Switch, mwaka mmoja baada ya kishindo cha kwanza, hawakuwa wote wale wa PlayStation 4, na wengi walikuwa wakicheza kitandani au safarini kwenye kifaa cha mkononi. Gemu la saa hamsini na zaidi linakaa vizuri zaidi mkononi mwa mtu anayeweza kulizima na kuliwasha apendavyo. Usiandike kamwe kwamba gemu "limeboreka kwa alama tano". Andika kilichoboreka.

Sasa turudi kwenye ukale wenyewe. Sisi tuliolelewa na ushairi tuna faida hapa. Hakuna anayemlaumu mtunzi wa utenzi kwa sababu kila kipande kina mizani nane na kina cha mwisho kinarudi toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Tunachouliza ni kile alichokifanya ndani ya mizani hiyo. Pigano la zamu katika Dragon Quest lihakikiwe vivyo hivyo. Ukiandika kwamba ungependa liwe la kukatana panga papo kwa papo, umeomba gemu jingine. Uliza kama zamu zina uzito: je, kuna sababu ya kumweka Serena na uponyaji wake kwenye kikosi badala ya Rab? Hali ile ambapo mhusika anawaka nguvu na kuweza kuungana na mwenzake kwa pigo la pamoja, inakulazimisha kufikiri, au inakuja tu na kupita? Kwa ugumu wa kawaida nakubaliana na waliosema mapambano mengi ni mepesi. Ndiyo maana nje ya Japani liliwekewa Draconian Quest, yaani masharti ambayo mchezaji anajiwekea mwanzoni ili maadui wawe wakali au duka lisitumike. Asiyeyajaribu masharti hayo kisha akaandika kwamba gemu ni rahisi hajakosea, lakini amemnyima msomaji habari anayoihitaji.

Wakati huohuo, kuheshimu mizani kusikuzuie kusema palipo na kasoro. Kuna hali ya kamera inayokuruhusu kumtembeza mhusika wako katikati ya pigano. Unaweza kumzunguka adui, kusimama nyuma yake, kukimbilia pembeni, na hakuna lolote linalobadilika: pigo litakupata palepale. Wahakiki kadhaa waliliona hilo wakasema, na nadhani walilenga. Hiyo si desturi ya miaka ya themanini. Ni pambo lililoongezwa ili gemu lionekane la leo, na limeshindwa kwa sababu halikupewa kazi. Mara nyingi katika JRPG za jadi utakuta udhaifu mkubwa uko kwenye kilichobandikwa juu ya jadi, na jadi yenyewe iko imara.

Shujaa bubu ni suala jingine, na hapo naona wahakiki walikuwa na hoja nzito zaidi. Mwaka 1986 skrini ilikuwa ndogo, maneno machache, na ukimya wake ulikupa nafasi ya kujiweka wewe ndani yake. Mwaka 2018 uso wake unaonekana kwa ukaribu, wenzake wana sauti za waigizaji, mfalme wa Heliodor anamwita mwana wa giza mbele ya watu, naye anakodoa macho tu. Desturi ni ileile ila mazingira yake yamehama. Ukiandika hivyo, msomaji anaelewa kwa nini jambo lilelile lilipendeza zamani na sasa linakwaza. Vipo pia vichekesho vya kimwili ambavyo mfululizo huu umevibeba toka mwanzo, na mavazi ya kina dada yanayotazamwa kwa jicho la tamaa. Wapo waliovitaja kama doa, wapo waliovipita kimya. Mimi nasema vitajwe. Sylvando, mmoja wa kikosi cha shujaa, naye aliwagawa watu: wengine walimwona kichekesho cha kizamani kuhusu wanaume wenye madaha, wengine wakamwona ndiye moyo wa kikosi chote. Ninaegemea kwa hao wa pili, ila hoja ya wa kwanza haistahili kubezwa.

Halafu kuna sehemu ya tatu. Majina ya watengenezaji yanapita kwenye skrini, unadhani umemaliza, kumbe bado. Yanayofuata yamezua ubishi mwingi kuliko kitu kingine chochote katika gemu hili: wapo wanaosema yanatengua uzito wa jambo lililotangulia, na wapo wanaosema bila hayo hadithi ina pengo. Utaandikaje juu ya ubishi huo bila kumwaga mtama? Taja aina ya jambo, uache jambo lenyewe. Nimesema "yanatengua uzito", na aliyelimaliza gemu anajua ninachokisema, huku asiyelimaliza hajaibiwa kitu. Lakini usiiache sehemu hiyo eti kwa kuogopa kufichua. Kuna tahakiki za wiki ya kwanza zilizoishia pale majina yalipopita, na zinasomeka leo kama hukumu ya kesi ambayo mashahidi wa mwisho hawakuitwa. Kama hujafika, mwambie msomaji umefika wapi.

Jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja: hakuna Dragon Quest kwa Kiswahili. Utalicheza kwa Kiingereza, au kama wasomaji wako wako Bujumbura au Bukavu, kwa Kifaransa, kwani lipo. Katika Kiingereza kila mji una namna yake ya kusema: Gondolia wana lafudhi ya Kiitaliano, na Hotto, mji wa chemchemi za moto, watu wanaongea kwa haiku. Waliosifu mazungumzo nje ya Japani walikuwa wakimsifu Horii pamoja na wafasiri wake. Weka hilo wazi, kisha mwambie msomaji kama Kiingereza cha shuleni kitamtosha. Hadithi kuu kitamtosha. Utani wa mijini utampita kwa kiasi, na lafudhi zilizoandikwa kama zinavyotamkwa zitamchosha aliyejifunza lugha hiyo kwa vitabu.

Tahadhari nyingine: utakutana na kisa kwamba Bunge la Japani lilipitisha sheria ya kukataza Dragon Quest kutolewa siku za kazi. Hakuna sheria hiyo. Kilichotokea ni kwamba Dragon Quest III ilitoka Jumatano ya Februari 1988, wanafunzi wengi wakatoroka shule kupanga foleni, na baadaye ikawa kawaida kuyatoa mwishoni mwa wiki au siku ya mapumziko. Tarehe 29 Julai 2017 ilikuwa Jumamosi. Kisa cha kweli kinatosha kuonyesha gemu hili lina maana gani kwa Wajapani, na kinasaidia kueleza zile alama 40 kuliko kudai kwamba Famitsu walipendelea.

Sugiyama alifariki mwaka 2021, Toriyama akafuata Machi 2024. Ndiyo kusema XI ni gemu kuu la mwisho katika mfululizo kutolewa watatu hao wakiwa hai. Tangu hapo naona makala zinazoligusa kwa huzuni na heshima, na heshima hiyo wanaistahili kabisa. Iandikie aya yake. Usiiache iingie kwenye aya ya mapigano.

Mwisho wa yote, hakikisha unajua uko na toleo gani. Toleo la S lilipofika PlayStation 4, Xbox One na kompyuta tarehe 4 Desemba 2020, lile la 2018 liliondolewa madukani mtandaoni. Jipya limejengwa juu ya lile la Switch, kwa hiyo kwenye mashine yenye nguvu utaona majani na vivuli vyenye maelezo machache kuliko vya 2018, ingawa kila kitu kingine ni bora. Ukinukuu sifa za grafiki kutoka kwa mhakiki wa 2018, unanukuu kuhusu gemu ambalo msomaji wako halipati tena kwenye maduka hayo ya mtandaoni. Kwa asiye na fedha za kulinunua zima, toleo la S lina demo ya bure yenye saa nyingi za mwanzo, na ulichokihifadhi humo kinahamia kwenye gemu kamili baadaye. Ipakue usiku wakati bando ni nafuu. Tembea uwandani kwa sauti ya okestra, badilisha uweke ile ya kompyuta, tembea palepale tena, kisha andika ulichokisikia kabla hujafungua tahakiki ya mtu mwingine yeyote.