Joto la kimea likishuka, usikimbilie gesi

SWALI: Mambo kaka, mimi Mtanzania niko Minneapolis huku Marekani, nimeanza kupika bia nyumbani kwa ile staili ya mfuko, yaani kimea chote unakitumbukiza ndani ya mfuko wa kitambaa kwenye sufuria moja ya maji ya moto, wanga wake ugeuke sukari. Naanza na nyuzi 67 za Selsiasi lakini napikia gereji na baridi ya huku unaijua, nusu saa tu naona 64, basi nawasha gesi mpaka irudi. Bia mbili zote zimetoka nzito kama uji, kwenye haidromita, kile kipimo cha sukari iliyomo, zilianza 1.048 na zimegoma 1.022. Niongeze hamira?

JIBU: Hapana ndugu yangu, hamira haina kosa hapo, kosa ni hiyo gesi.

Ndani ya kimea kuna vimeng'enya viwili vinavyovunja wanga. Beta-amilesi inatengeneza sukari ambayo hamira inaila, inapenda nyuzi 60 mpaka 65 hivi, ikivuka 70 inakufa haraka sana. Alfa-amilesi ni ngumu zaidi, inapiga kazi hata kwenye 70, ila inaacha vipande vikubwa ambavyo hamira ya kawaida haiwezi kuvila, ndo vinavyokupa huo uzito mdomoni. Ile 67 watu wanaipenda kwa sababu hapo vyote viwili vinafanya kazi.

Sasa wewe unawasha moto na mfuko umelala kwenye kitako cha sufuria, kimea kinazuia maji yasizunguke, huku chini yanakaribia kuchemka na themomita yako imening'inia juu inakwambia 65. Mimi ilinitokea, nikazamisha themomita mpaka chini nikakuta 79, juu 66, sufuria ile ile dakika ile ile! Na mfuko ulishaanza kuungua, alama ya kahawia saizi ya sahani. Beta yote ilishapikwa.

Na hiyo 64 inayokutisha haina shida kabisa. Kimea kikisagwa vizuri kazi kubwa inafanyika nusu saa ya kwanza, joto likishuka baada ya hapo sana sana bia itakuwa kavu kidogo, yaani utamu utapungua. Kwa hiyo nguvu zako weka mwanzoni: kama una kilo 4 za kimea na lita 24 za maji, pasha maji mpaka 70 au 71, ZIMA moto, mwaga kimea polepole huku unakoroga mpaka uone hakuna madonge, alafu pima sehemu tatu tofauti, juu, katikati na chini. Zikilingana funika, zungushia blanketi zito mbili tatu, kaa saa nzima bila kufunua funua maana kila ukifunua mvuke unaondoka na joto lako.

Ikikubidi kupandisha, chemsha lita 2 za maji pembeni umimine huku unakoroga, unapata nyuzi mbili na nusu hivi. Na hiyo themomita ijaribu kwenye maji yenye barafu nyingi iliyopondwa, isome 0, isiposoma nunua nyingine.

Hizo bia mbili zinyweke tu hivyo hivyo, lakini usijaze chupa mpaka haidromita isome namba ile ile siku 3 mfululizo, ikishuka hata kidogo subiri, maana sukari ikiendelea kuchachuka ndani ya chupa inapasuka na vioo utaviokota gereji nzima.